Duka la Nyuzi Katika Riwaya

Mtunzi wa riwaya anayetaka kuwakalisha chumba kimoja watu sita wasiohusiana kwa damu wala kwa kazi ana kibarua. Akiwaweka wodini, msomaji ataanza kungoja kifo. Akiwaweka ndani ya basi, watashuka. Baa ina kelele zake, na nyumba ya ibada si mahali pa kupiga soga. Mwanzoni mwa karne hii waandishi kadhaa wa Marekani walipata jibu karibu kwa wakati mmoja: duka dogo la nyuzi za sufu, meza moja, na kikundi cha wanawake wanaokutana humo kila wiki kufuma.

Debbie Macomber alitoa The Shop on Blossom Street mwaka 2004. Mwaka 2007 zikaja mbili kwa mpigo, The Friday Night Knitting Club ya Kate Jacobs na The Knitting Circle ya Ann Hood. Zilizofuata ni nyingi, na wahakiki huzipita kama wanavyopita rafu ya vitabu vya mapishi. Wanakosea. Sisemi zote ni nzuri. Nyingi ni chapwa. Ila zina ufundi wa masimulizi ambao ungesifiwa sana kama ungetumiwa katika riwaya za wavuvi au za askari.

Ufundi wenyewe unaanzia mikononi. Mfumaji aliyezoea hahitaji kuikodolea macho kazi yake, lakini hakuna anayemshangaa akiikodolea. Mwenzake akimuuliza swali zito, tuseme mume wake yuko wapi siku hizi, anaweza kuinamia sindano, akahesabu vitanzi, akajibu mstari ukiisha. Au asijibu, na hakuna atakayemwona ana kiburi. Kwenye riwaya nyingine mhusika anayenyamaza lazima atazame dirishani au awashe sigara. Hapa kimya kina shughuli yake, na mwandishi anaweza kukiweka popote bila kukitolea maelezo.

Halafu kuna muda. Sweta au blanketi halimaliziki kwa kikao kimoja, hivyo mtu ana sababu ya kurudi wiki ijayo hata kama hawapendi wenzake. Hilo la kutopendana ni muhimu. Kwa Macomber, Lydia Hoffman amefungua duka jijini Seattle baada ya kuugua saratani mara mbili, ya kwanza akiwa binti wa miaka 16. Anatangaza darasa la wanaoanza, watakaofuma blanketi la mtoto mchanga. Wanajiandikisha watatu. Jacqueline ni tajiri asiyemtaka mke wa mwanawe, na sasa mkamwana huyo ni mjamzito; blanketi litaficha chuki yake. Carol amehangaika kutafuta mtoto kwa njia ya kitabibu na amebakiza jaribio la mwisho. Alix, msichana mkali wa maneno, ameamriwa na mahakama kutumikia jamii, na anataka saa zake za kufuma zihesabiwe humo.

Angalia jinsi kitu kimoja, blanketi lenye vipimo vilevile, linavyobeba unafiki wa mmoja, tumaini la mwingine na adhabu ya wa tatu. Msomaji haambiwi awalinganishe. Anawaona tu wamekaa meza moja, tajiri na msichana wa mahakamani, kila mmoja akikerwa na nguo za mwenzake, na wote wawili wakiwa wanafunzi wasiojua kitu. Mshono wa Jacqueline haunyooki kwa sababu ana fedha. Macomber ni mwandishi wa mambo mepesi, lakini hapa amefanya hesabu nzuri. Mchoro wa blanketi hilo umechapwa ndani ya kitabu kwa anayetaka kulifuma, na najua wanaocheka habari hiyo. Mimi siicheki. Ni riwaya chache zinazomwachia msomaji kazi ya kufanya.

Jambo moja litamshangaza msomaji aliyekulia ambako akina mama hukaa uani alasiri wakisuka ukili: huku Marekani ujirani unalipiwa. Darasa la Lydia lina ada. Kikundi cha Kate Jacobs kimezaliwa na wateja waliokuwa wakizubaa dukani kwa Georgia Walker, ghorofa ya juu ya mgahawa mmoja Manhattan, wakikawia kuondoka. Riwaya hizi hazilioni hilo kuwa tatizo, na kwa hiyo hazilichunguzi. Nini humpata mwanamke asiyeweza kununua sufu nzuri? Alix angeweza kutufungulia mlango huo, lakini Macomber anaharakisha kumpatia mema.

Walakini mkubwa zaidi ni wa siri. Mwaka 1859 Charles Dickens aliandika A Tale of Two Cities, na humo akamweka Madame Defarge, mke wa muuza mvinyo wa Paris, anayefuma mchana kutwa dukani mwake. Ndani ya mishono yake anasajili majina ya watakaouawa mapinduzi yakifika. Dickens alikwisha kuelewa kwamba mwanamke anayefuma husahauliwa, na anayesahauliwa husikia kila kitu. Vikundi vya kisasa vinasikia mengi vilevile: mimba, talaka, watoto waliopotoka. Lakini ni nadra siri kutoka nje ya duka ikamchoma mwenyewe. Yeyote aliyewahi kuwa mwanachama wa kikundi chochote anajua si hivyo mambo yaendavyo.

Ann Hood ndiye aliyekwepa utamu huo. Binti yake, Grace, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka mitano. Kwa muda Hood hakuweza kusoma wala kuandika, maneno yalimkataa, akajifunza kufuma. Katika riwaya yake Mary Baxter amefiwa na mtoto wa umri huohuo, naye anafika kwenye kikundi huko Providence bila kutaka mazungumzo na mtu. Kila mfumaji anamfundisha jambo jipya la ufumaji, na pamoja na somo anamsimulia msiba wake. Mpangilio huo ungeweza kuchosha, na katikati kweli unachosha kidogo. Kinachouokoa ni kwamba simulizi za wenzake hazimpunguzii Mary chochote. Anazipokea huku akipambana na uzi, na uzi ni kitu kinachorekebishika: kitanzi kikiponyoka unakifuata chini, mstari kwa mstari, unakiokota, ukiharibu zaidi unafumua na kuanza upya. Mtoto hafufuliwi hivyo. Hood hasemi hili waziwazi, na kwa kutolisema anaandika kurasa bora kuliko wenzake.

Jacobs naye ana mhusika ninayempenda, Darwin, mwanafunzi wa chuo kikuu anayefika dukani kuthibitisha kwamba kufuma kunawarudisha wanawake nyuma. Kikundi kisicho na mpinzani ndani yake ni kwaya, na Darwin anaharibu kwaya hiyo vizuri, akiuliza maswali ya utafiti kwa watu waliokuja kupumzika. Inasikitisha kwamba kadiri anavyozoeleka ndivyo hoja yake inavyofifia, wakati haijajibiwa.

Asiyetaka kujua mwisho wa kitabu hicho aishie hapa. Georgia, mwenye duka, anafariki kwa saratani ya ovari. Riwaya ya pili, Knit Two ya mwaka 2008, inaanza miaka mitano baadaye: duka liko mikononi mwa Peri, msaidizi wake wa zamani, binti yake Dakota yuko chuoni, na wale wanawake bado wanakutana. Kama riwaya, ni dhaifu kuliko ya kwanza. Wahusika wanatawanyika kila mmoja na safari yake, na mazungumzo hayana tena mtu wa kuyavuta katikati. Ila swali lake ni gumu kuliko la kitabu cha kwanza: aliyewaunganisha watu hawa hayupo, kila mmoja ana visingizio vya kutosha vya kutofika wiki hii, basi kwa nini wanafika?