Si yaya, si muuguzi: Ijue kazi ya kuhudumia wagonjwa nyumbani

HUENDA wewe ni mhazili uliyepigwa kalamu, mwalimu wa shule ya kibinafsi uliyechoka kungoja mshahara, au mwenye duka ambaye biashara yako iliporomoka wakati wa korona mwaka wa 2020. Sasa jirani amekudokezea kwamba kuna familia inayotafuta mtu wa kumwangalia mzee wao aliyepooza upande mmoja. Je, utakubali?

Usikimbilie, msomaji. Wengi huingia wakidhani hii ni kazi ya yaya iliyopewa jina zuri, nao waajiri wengi hudhani vivyo hivyo. Hapo ndipo ugomvi huanzia.

Kazi yenyewe ipo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Zamani mkaza mwana ndiye aliyekaa na mkwewe mgonjwa. Leo mkaza mwana huyo yuko afisini tangu saa mbili asubuhi.

Jambo la kwanza litakalokushtua si uchovu, ni mwili wa mtu. Utamwogesha mzee wa umri wa babako na kumbadilisha nepi, naye atageuza uso ukutani kwa aibu. Mwambie unachotaka kufanya kabla ya kumgusa. Mfunike shuka sehemu usiyoiosha. Analoweza kujifanyia mwachie, hata kama ni kujipangusa uso tu. Na usimsemeshe kama mtoto; huyo huenda aliwahi kuwa mkubwa wa watu. Iwapo unaona hutaliweza hili, ni heri ulijue kabla hujaacha kazi uliyo nayo.

Kuna ufundi pia. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili, la sivyo atapata vidonda makalioni na visiginoni. Aliyepatwa na kiharusi havutwi kwa mkono uliolegea, kwani bega laweza kuteguka. Hulishwa akiwa ameketi wima, kijiko kidogo kidogo, chakula kisije kikaingia mapafuni. Nawe ukimwinua, kunja magoti. Ukitegemea mgongo, haitachukua muda kabla nyumba hiyo haijawa na wagonjwa wawili.

Haya hufunzwa. Kabla ya kulipa karo popote, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi. Hata hivyo, cheti hicho hakikufanyi muuguzi. Wauguzi husajiliwa na baraza lao, kwa hivyo familia ikikutaka umdunge mzee sindano ili iokoe nauli ya hospitali, kataa kwa adabu.

Kama shabaha yako ni Uingereza, habari si njema. Nchi hiyo iliwafungulia viza wahudumu wa aina hii Februari 2022, ikawakataza kuandamana na wake, waume na watoto wao Machi 2024, na kufikia Julai 22, 2025 ikaacha kuajiri wapya kutoka ng'ambo. Wakala anayekuitisha pesa akikuahidi viza hiyo, muulize ataitoa wapi.

Ukibaki hapa, usianze kazi kwa maneno matupu. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe. Yakupa pia angalau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Kuna waajiri watakaokutazama kama kwamba umetukana, waeleze taratibu.

Kisha uliza mambo mawili kabla hamjatia sahihi. Nguo za kufua ni za mzee peke yake, au za nyumba nzima? Ukizifua zote wiki ya kwanza, utazifua daima. La pili, siku yako ya mapumziko ikifika, ni nani atakayemgeuza mzee? Wasipokuwa na jibu, wape muda walitafute kabla hujahamisha sanduku lako.