Mkono Mmoja Ukitumwa, Wote Wawili Huitika

Mtoto anaandika kwa mkono wa kulia, na vidole vya kushoto vinajikunja kana kwamba navyo vimeshika kalamu. Akiambiwa autulize mkono huo, hawezi. Kwa watoto wadogo hali hii ikiwa hafifu ni ya kawaida, na aghalabu hutoweka kabla ya umri wa miaka 10. Inapokuwa na nguvu na kudumu hadi utu uzima, chanzo chake huweza kuwa jeni.

Mfumo wa neva wa wanyama wote wenye uti wa mgongo huanza kama mrija. Kwa binadamu, mrija huo hujifunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa. Seli za sakafu yake hutoa protini iitwayo netrini, iliyotambuliwa mwaka 1994 katika ubongo wa viinitete vya kuku. Jina hilo limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kiongozi, nayo kazi yake ni hiyo: huvuta nyuzi changa za neva kuelekea mstari wa kati. Nyuzi huitambua kwa kipokezi kinachotengenezwa na jeni ya DCC. Zikishavuka, protini nyingine huzizuia zisirudi. Uvukaji wa namna hii ndio unaoufanya upande wa kulia wa ubongo uongoze mkono wa kushoto.

Mwaka 2010 watafiti walionesha kwamba baadhi ya familia zenye hali hii zina hitilafu katika nakala moja ya DCC. Baadhi ya nyuzi zipelekazo amri za mwendo hazivuki ipasavyo, na amri moja hufikia mikono yote miwili.

Mzazi mwenye hitilafu hiyo huweza kuirithisha, kwa uwezekano wa nusu kwa kila mtoto, hata kama yeye mwenyewe hana dalili. Kwa kawaida akili haiathiriki, wala hali haizidi kadiri miaka inavyopita. Hakuna dawa ya kuzielekeza nyuzi upya. Msaada ni kumwongezea mwanafunzi muda wa kuandika na kumpumzisha mkono unapouma. Hata hivyo, dalili zikianza ghafla ukubwani, au zikiambatana na udhaifu wa viungo, mgonjwa apelekwe kwa daktari bila kukawia.

Mtoto huyu si mkaidi wala mzembe, na hastahili adhabu. Mkono wake unatii amri iliyopita katika njia iliyochorwa kabla hajazaliwa.