Kijana Wako Anapotaka Kuwasikiliza Wenzake

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwezi wa Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Katika miezi hiyo ya kungoja, vijana wetu wengi hukaa nyumbani bila kazi maalumu. Baadhi yao huomba ruhusa kwenda kujitolea katika mashirika yanayohudumia afya ya akili ya wanafunzi. Wenzao walio vyuoni nao hupelekwa huko kwa mafunzo kwa vitendo. Wazazi wanapotufikia hospitalini hutuuliza: “Sista, mtoto huyu mwenyewe bado mdogo, atawasaidiaje wenye matatizo ya akili? Je, hatarudi naye amechanganyikiwa?”

Swali hilo ni la haki, na mwezi huu tungependa kulijibu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: kijana anaweza kusaidia sana, lakini kwa sharti moja, asiachwe peke yake. Nyuma ya kijana anayesikiliza lazima awepo mtu mzima mwenye ujuzi.

Matatizo yenyewe ni yapi?

Wengi wetu tukisikia “ugonjwa wa akili” tunamfikiria mtu anayeokota makopo barabarani. Huyo ni mgonjwa kweli, lakini wagonjwa wengi hawafanani naye. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, kijana 1 ana tatizo la afya ya akili. Wengi wao wana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi unaowanyima raha.

Mwanafunzi wa namna hii huletwa kwetu akilalamika kichwa au tumbo. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa choo, hakuna kitu. Wiki mbili baadaye anarudi na malalamiko yale yale. Usiku halali, darasani hasikii anachofundishwa, na wenzake amewakimbia. Nyumbani huitwa mvivu au mkaidi. Wengine husema amerogwa. Mara nyingi hakuna aliyekaa naye akamwuliza ana nini moyoni.

Je, asiye daktari anaweza kusaidia?

Anaweza. Mwaka 1953, kasisi mmoja wa Kianglikana mjini London, Chad Varah, alianza huduma ya kuwapokea watu waliokuwa wakifikiri kujiua. Wakaja watu wa kujitolea, ambao waliwapa wageni chai na kukaa nao wakati wakingoja zamu ya kumwona. Baada ya muda aliona jambo la ajabu: wengi wakishazungumza na wale watoa chai walitulia, wala hawakuhitaji tena kumwona yeye. Hivyo huduma yote ikajengwa juu ya watu wa kawaida waliofundishwa kusikiliza. Huduma hiyo, iitwayo Samaritans, ipo hadi leo.

Karibu na kwetu, nchini Kenya, lipo shirika linaloitwa Shamiri, lililoanzishwa mwaka 2018. Jina lake ni neno letu la Kiswahili, lenye maana ya kustawi. Huko wanaowahudumia wanafunzi wa sekondari ni vijana waliomaliza sekondari wenyewe si muda mrefu uliopita. Hufundishwa kazi, kisha hukutana na wanafunzi katika vikundi vidogo, mara moja kwa juma, kwa majuma manne. Hawazungumzii ugonjwa moja kwa moja. Wanawasaidia wanafunzi kuona kwamba mtu anaweza kubadilika na kukua, kutambua mambo ya kushukuru, na kujua yale wanayoyathamini maishani.

Je, inafaa? Matokeo ya utafiti mmoja yalitangazwa mwaka 2021. Wanafunzi 413 wenye dalili za sonona au wasiwasi waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipata mafunzo hayo, na la pili lilifundishwa mbinu za kujisomea. Dalili zilipungua zaidi kwa wale waliopata mafunzo ya Shamiri.

Lakini tuangalie jinsi kazi ilivyopangwa. Juu ya vijana hao wapo wasimamizi, na juu ya wasimamizi wapo wataalamu wa afya ya akili. Mwanafunzi mwenye hali nzito hupelekwa kwao. Kijana ni mlango tu, nyuma yake kuna nyumba nzima.

Kazi yake ni nini?

Kazi ya kwanza ni kusikiliza, nayo si rahisi kama inavyodhaniwa. Tuseme mwanafunzi wa kidato cha pili anasema: “Dada, tangu baba aachishwe kazi sioni maana ya kusoma.” Asiyefundishwa atamjibu: “Jikaze tu, mbona wenzako wana shida kubwa zaidi!” Hapo mlango umefungwa. Aliyefundishwa atasema: “Pole, mdogo wangu. Tangu lini unajisikia hivyo? Usiku unapata usingizi?” Kisha atanyamaza amsikilize.

Kazi nyingine ni kuandaa vikao, kuandika mahudhurio, kutunza vitabu vya kumbukumbu na kutoa mafundisho mashuleni. Mzazi asidharau kazi hizi. Kijana anajifunza kuweka siri, kutunza muda na kuheshimu mtu mwenye shida. Akija kuwa mwalimu, muuguzi au mzazi, vitamfaa.

Mipaka yake

Kijana huyu hatoi dawa, wala hamwambii mtu aache dawa alizopewa hospitali. Hamwambii mtu ana ugonjwa gani. Hakopeshi fedha. Hakutani na mwanafunzi mahali pa faragha wasipoonekana na watu. Hatoi ahadi ya kupokea simu usiku wa manane.

Tena asiahidi kutunza kila siri. Mambo ya kawaida anayoambiwa hayatoki nje. Lakini mwanafunzi akisema anataka kujiua, au anapigwa, au ananajisiwa, habari hiyo ni lazima imfikie msimamizi siku hiyo hiyo. Mwanafunzi aelezwe hivyo tangu mwanzo, asije akajiona amesalitiwa.

Wapo wanaoogopa kumwuliza mtu kama anafikiri kujiua, wakidhani watamtia wazo hilo. Utafiti umeonyesha kuwa sivyo. Kuulizwa kwa upole humpa nafuu, kwa kuwa mzigo aliokuwa akiubeba peke yake sasa umepata wa kusaidia kuubeba.

Na msaidizi naye alindwe

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili kwa miaka mingi. Mtu anayesikia habari za msiba kila siku huchoka, hata awe na moyo mkubwa kiasi gani. Kijana wa miaka 19 huchoka mapema zaidi, hasa pale anaposikia habari inayofanana na yake mwenyewe. Mzazi aangalie dalili hizi: kukosa usingizi, hasira za haraka, kuacha chakula, kujilaumu kwa matatizo ya wengine, au kusema “bila mimi atakufa.” Neno hilo la mwisho linaonyesha kwamba mzigo umemzidi. Amweleze msimamizi wake na apumzike. Kupumzika si kushindwa.

Jioni akirudi, msimdadisi habari za wanafunzi aliowaona. Mwulizeni habari zake yeye: “Leo umeshindaje, mwanangu? Umechoka?” Hilo anaweza kulijibu bila kutoa siri ya mtu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kumruhusu

1. Nani atamsimamia, na watakutana mara ngapi kwa juma?
2. Atafundishwa nini, na kwa muda gani, kabla ya kuanza?
3. Mwanafunzi akiwa katika hatari, atapelekwa hospitali gani na nani?
4. Je, shule na wazazi wa wanafunzi wametoa ruhusa?
5. Nauli na chakula cha mchana ni juu ya nani?
6. Kijana akilemewa, anaweza kuacha bila kulaumiwa?

Shirika zuri litayajibu haya bila kukasirika. Likikosa jibu la swali la kwanza na la tatu, tunawashauri msubiri kwanza. Pia kijana ambaye mwenyewe ametoka kufiwa, au bado yuko katika matibabu ya sonona, apate ushauri wa mganga wake kabla ya kuanza.

Msingoje shirika

Katika vijiji vyetu vingi hakuna shirika la namna hii, lakini wanafunzi wenye shida wapo. Mkimwona mtoto amejitenga, anagawa vitu vyake anavyovipenda, anaaga watu bila safari, au anasema “nimechoka kuishi,” msimkemee wala msidhani anadeka. Kaeni naye, msimwache peke yake, na mleteni zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Dawa za shambani na dawa za hospitali fungieni kwa kufuli, na ufunguo ushikwe na mtu mzima. Watu wengi wameokoka kwa sababu tu saa ile mbaya iliwapita bila kupata kitu cha kujidhuru.

Mtoto anayeogopa kusema nyumbani anaweza kupiga namba 116, bila malipo, hapa Tanzania na hata Kenya. Tafadhali iandikeni namba hiyo mahali ambapo watoto wote wa nyumbani wataiona.