Kushuka Nako Kuna Bei: Somo la Baiskeli Kutoka Kisiwa cha Réunion

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha wilayani Rungwe, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza swali ambalo nilijibu vibaya. Wiki hiyo nilikuwa nimefungwa bandeji kwenye kiwiko. Nilikuwa nimeazima baiskeli ya mzee jirani, nikashuka nayo mlima wenye kona, breki zikakataa, nikaishia ndani ya shamba la chai. Mzee alikuwa ameshanionya: "Mwalimu, hii baiskeli ni ya kupandia. Ukifika mteremkoni, ikokote." Sikumsikia.

Jumatatu yule mtoto akanyoosha mkono. "Mwalimu, kupanda kunachosha kwa sababu unatumia nguvu. Kushuka hutumii nguvu. Sasa mbona kushuka ndiko kunakoumiza watu?" Darasa likacheka. Mimi nikasema kitu kuhusu uvutano wa dunia, nikafuta ubao, nikaendelea na somo. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa siku ile. Nimelitafuta mbali kidogo, kwenye kisiwa ambacho waendesha baiskeli wa masafa marefu hukiheshimu sana: Réunion.

Kisiwa hiki kiko katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, umbali wa kama kilomita 700. Kiutawala ni sehemu ya Ufaransa, na kimekuwa mkoa kamili tangu 1946. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,512 hivi, yaani karibu sawa na Unguja na Pemba ukiziunganisha. Tofauti yake ni kimo. Katikati ya kisiwa umesimama Piton des Neiges, mlima wa volkano iliyolala, wenye mita 3,070. Kusini mashariki yake kuna Piton de la Fournaise, mita 2,632, na huu haujalala hata kidogo: ni mojawapo ya volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani.

Ukichora hesabu hiyo kwenye karatasi utaona tatizo la mwendesha baiskeli mara moja. Kutoka ufukweni hadi kilele kirefu zaidi ni kama kilomita 20 tu kwa mstari ulionyooka, na ndani ya umbali huo ardhi inapanda kilomita tatu. Kisiwa kizima ni mlima mmoja uliotoka chini ya bahari, na sisi tunaona kichwa chake tu. Tambarare iliyopo ni ukanda mwembamba wa pwani. Ukiamua kwenda kokote ambako si pwani, unapanda.

Hata pwani yenyewe inadanganya. Barabara ya kuzunguka kisiwa ina urefu wa kilomita 200 na kitu, na mtu akiitazama kwenye ramani atasema hiyo ni siku mbili tu. Lakini mvua imechonga makorongo kutoka mlimani hadi baharini, kama mistari kwenye limau lililokauka. Upande wa magharibi imejengwa barabara kubwa ya kisasa, Route des Tamarins, iliyofunguliwa 2009, ambayo inayaruka makorongo kwa madaraja. Ile ni ya magari, baiskeli haziruhusiwi. Mwenye baiskeli anatumia barabara za zamani, ambazo badala ya kuruka korongo zinaingia ndani yake, zinageuka, kisha zinatoka upande wa pili. Kwa hiyo kwenye kisiwa cha volkano usiulize "ni kilomita ngapi?" Uliza "ni mita ngapi za kupanda?" Hilo ndo swali la kwanza.

Tuchukue mfano wa safari moja, ya kwenda Cilaos. Cilaos ni mji mdogo ulio mita 1,200 hivi juu ya bahari, ndani ya bonde kubwa la duara kama bakuli lililozungushiwa kuta za mawe. Kisiwa kina mabakuli matatu ya namna hiyo kuzunguka Piton des Neiges: Cilaos, Salazie na Mafate. Barabara ya Cilaos inaanzia Saint-Louis pwani, kilomita thelathini na kitu, na inasifika kwa kuwa na kona zaidi ya 400.

Sasa hesabu za kidato cha pili. Mwendesha baiskeli ana kilo 65, baiskeli kilo 15, mizigo kilo 10. Jumla kilo 90. Kazi ya kuinua kilo 90 hadi mita 1,200 ni 90 × 9.8 × 1,200, sawa na jouli milioni moja na kidogo. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi kiasi anaweza kutoa wati 120 kwa masaa kadhaa bila kuzimia. Gawanya, unapata sekunde 8,820, yaani saa mbili na dakika 27. Hapo hujahesabu upepo, msuguano wa tairi, wala vile vipande ambavyo barabara inashuka kidogo halafu inakudai upande tena. Ukipunguza kilo 10 za mizigo unaokoa dakika 16. Ndo maana wazoefu wanakata hadi mpini wa mswaki. Si utani, kila gramu unainua mwenyewe.

Lakini nguvu pekee haitoshi, na hapa ndipo gia zinapoingia. Baiskeli zetu nyingi za mitaani zina gia moja. Tuseme ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Ukizungusha pedali mara moja, tairi linazunguka karibu mara mbili na nusu, na baiskeli inasogea mita 5.4. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, mzunguko huo mmoja unakuinua zaidi ya nusu mita. Kwa wati zako 120, mzunguko mmoja utachukua sekunde nne. Jaribu kuzungusha pedali kwa sekunde nne kwa kila mzunguko: utasimama, utayumba, utaanguka. Sio uvivu. Baiskeli inakudai malipo makubwa kwa mkupuo.

Weka gia ya meno 28 mbele na 34 nyuma. Sasa mzunguko mmoja unakusogeza mita 1.8 tu, na unachukua sekunde moja na theluthi. Miguu inazunguka vizuri, mara 45 kwa dakika. Mwendo wenyewe ni kilomita tano kwa saa, sawa na mtu anayetembea kwa haraka. Mlima haujapungua hata jouli moja. Gia inagawa deni lile lile katika malipo madogo madogo, kama mama anayekukopesha unga dukani ukalipa kila siku kidogo hadi bumu litoke.

Tumefika Cilaos. Sasa tunarudi pwani, na hapa ndo lilipo jibu la yule mtoto.

Ile jouli milioni moja haijapotea. Iko juu kule pamoja na wewe, imehifadhiwa kwenye kimo. Ukianza kushuka inataka kutoka, na kuna milango michache tu: itoke kama mwendo, ichukuliwe na hewa, au igeuke joto kwenye breki. Kwenye barabara iliyonyooka hewa inakula sehemu kubwa. Kwenye barabara ya kona 400 huwezi kuachia mwendo, kwa hiyo kazi inabaki kwa breki. Joto hilo likienda lote kwenye breki lingetosha kuchemsha lita tatu za maji baridi. Na linaingia kwenye vipande viwili vya mpira na rimu ya chuma au aluminiamu. Rimu ikipata moto sana, tyubu inaweza kupasuka. Mpira wa breki ukichakaa, unabonyeza hadi mwisho na hakuna kinachotokea. Hiki cha pili nakijua kwa kiwiko changu.

Kwa hiyo kushuka unatumia nguvu, ile uliyoweka akiba wakati wa kupanda, na yote inadai kulipwa ndani ya muda mfupi zaidi kuliko ule wa kupanda. Waendeshaji wazuri wa milimani wanajua hivyo. Hawabonyezi breki kidogo kidogo njia nzima. Wanabonyeza kwa nguvu kabla ya kona, mbele na nyuma, kisha wanaachia zipoe. Wanasimama njiani na kugusa rimu kwa tahadhari. Mvua ikinyesha wanapunguza mwendo mapema zaidi, kwa sababu rimu iliyolowa inachelewa kushika.

Na mvua ya Réunion si ya kudharau. Upepo wa bahari unaotoka kusini mashariki unagonga milima, unapanda, unapoa, unamwaga maji upande wa mashariki. Magharibi kunabaki kukavu. Mwaka 1966, sehemu iitwayo Foc-Foc ilipata milimita 1,825 za mvua ndani ya saa 24, na hiyo ni rekodi ya dunia. Hata siku ya kawaida mawingu huanza kupanda mlimani asubuhi jua likishika. Ndo maana safari huanza saa kumi na mbili alfajiri, na miezi ya vimbunga, Novemba hadi Aprili, huepukwa. Baridi nayo ipo: hewa hupoa kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000. Ukitoka pwani kwenye nyuzi 28 hadi Pas de Bellecombe, ukingoni mwa volkano kwenye mita 2,311, utakuta kama nyuzi 14, na umelowa jasho.

Upande wa kusini mashariki barabara ya pwani inapita juu ya lava yenyewe. Mlipuko wa Aprili 2007 uliifunika barabara hiyo, lava ikaingia baharini. Ukipita pale unapita juu ya ardhi iliyo changa kuliko wewe. Mimi nina miaka 22. Ile barabara ni mdogo wangu.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linatuhusu sisi. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliingia mkataba na Sultani wa Kilwa ili apate watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Wafaransa visiwani. Watu wa pwani yetu na wa bara yake walipelekwa Réunion pia, wakati huo ikiitwa Bourbon. Waliotoroka walikimbilia juu, kwenye yale mabakuli ya mawe. Mafate linasemekana kuwa jina la mmoja wa viongozi wao. Uwanda wa juu ambao barabara ya volkano inaanzia unaitwa Plaine des Cafres. Hilo "Cafres" limetokana na neno lile lile tunalolijua sisi, kafiri. Utumwa ulikomeshwa rasmi tarehe 20 Desemba 1848, na siku hiyo bado inasherehekewa kisiwani. Mafate hadi leo haina barabara ya gari. Unaingia kwa miguu au kwa helikopta.

Mteremko unaomtesa mwendesha baiskeli ndio uliowazuia wawindaji wa watumwa. Kila mita iliyodai jasho la mkimbizi ilidai jasho la anayemfukuza pia, na mkimbizi alikuwa na sababu kubwa zaidi ya kulipa.

Sijafika Réunion, na kwa bei za kule sitafika hivi karibuni. Ila muhula ujao narudi Rungwe kumsalimia mzee na kumlipa mpira mpya wa breki. Nikimkuta yule mtoto, nitampa baiskeli aishike. Tutaikokota hadi juu ya mlima, tutashuka taratibu, na chini nitamwambia aguse rimu kwa ncha ya kidole. Somo liko hapo, bado la moto.