Adui Aliyevaa Kilemba: Sinema za Mfululizo za Zamani na Macho ya Watoto Wetu



Jioni moja ya likizo iliyopita, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumeketi barazani kwa jamaa zetu tukinywa kahawa. Ndani watoto walikuwa wamejikusanya mbele ya televisheni wakitazama katuni za mashujaa. Mwana wa miaka 7, ambaye bado hajavua kanzu yake ya madrasa, akatoka mbio na kumuuliza nyanya yake: "Bibi, mbona adui avaa kama babu?" Bibi wa watu hakuwa na jawabu. Alimwambia akalale, kesho kuna chuo.

Swali hilo lilitufuata hadi nyumbani. Tumeona tusiwaandikie juma hili makala ya kulaumu simu na televisheni, kwani hayo mmeyasikia ya kutosha. Tumeona bora tuwasimulie asili ya adui yule, kwa kuwa hakuzaliwa katika katuni. Ana umri wa zaidi ya miaka mia, na mahali alipolelewa ni katika zile sinema za mfululizo walizozitazama mababu wa wenzetu huko Marekani.

Sinema hizo zilikuwa hadithi moja ndefu iliyokatwa vipande. Katika miaka ya 1930 na 1940, vipande hivyo aghalabu vilikuwa 12 au 15, kila kimoja cha dakika 20 hivi, na kila juma kilionyeshwa kimoja tu. Mtoto alilipa senti zake Jumamosi, akamwona shujaa (yule ambaye vijana wa mitaani kwetu walizoea kumwita "stelingi") akitumbukia gengeni ndani ya gari linalowaka moto, na papo hapo taa zikawashwa. Nenda nyumbani, rudi Jumamosi ijayo. Ujanja huu wala si wa Wamarekani. Shahrazadi wa Alfu Lela u Lela aliokoa shingo yake kwa kuikata hadithi kila kulipopambazuka, na mfalme akashindwa kumuua kwa shauku ya kujua yatakayofuata. Tofauti ni kwamba Shahrazadi hakumdanganya mfalme. Watengenezaji wa sinema walidanganya waziwazi: juma la pili lilipofika, mtazamaji alionyeshwa kwamba stelingi aliruka kutoka garini kabla halijafika gengeni, jambo ambalo juma lililopita halikuwapo kabisa. Watoto walizomea, kisha wakaendelea kutazama.

Kinamama wetu huenda wakastaajabu kusikia kwamba mfululizo wa kwanza wa aina hii katika Marekani ulizaliwa kutokana na gazeti la wanawake. Mwaka 1912 kampuni ya Edison ilitengeneza sinema ya vipande 12 iliyoitwa What Happened to Mary, na hadithi yake ikachapishwa mwezi kwa mwezi katika gazeti la The Ladies' World. Aliyetaka kusoma alisoma, aliyetaka kuona alikwenda kuona, na wengi walifanya yote mawili. Mauzo yakapanda pande zote mbili. Ndiyo sababu mashujaa wa mwanzo wa sinema hizi hawakuwa wanaume wenye vifua vipana bali wanawake.

Aliyevuma kuliko wote ni Pearl White, katika The Perils of Pauline ya mwaka 1914. Hadithi yenyewe haiko mbali na mambo tunayoyajua. Pauline ni binti aliyefiwa na mlezi wake tajiri na kuachiwa mali. Mali hiyo imewekwa chini ya uangalizi wa karani wa marehemu mpaka binti atakapoolewa. Binti asema hataolewa kwanza. Ataka kuona dunia. Karani naye, ambaye akiba hiyo itakuwa yake binti akifa, anaanza kumtafutia ajali: leo puto linalopaa nalo angani, kesho nyumba inayowaka moto. Vipande 20, na katika kila kimoja mshika amana anajaribu kumla aliyekabidhiwa kumlinda. Tuseme kweli, adui huyu twampenda kama adui. Hana kilemba, hana lafudhi ya kigeni, ni mtu wa nyumbani aliyevaa suti na anayekula meza moja na mhanga wake. Aliyesoma Suratun-Nisaa ataijua hatia yake bila ya kuelezwa, na aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi huenda akawa amemwona kwa macho.

Ilitangazwa kwamba Pearl White alifanya mambo yote ya hatari mwenyewe. Mengi aliyafanya kweli, na maumivu ya mgongo yalimwandama maisha yake yote hadi alipofariki Ufaransa mwaka 1938. Lakini si yote. Mwaka 1922, katika utengenezaji wa mfululizo wa Plunder huko New York, mwanamume aitwaye John Stevenson alivalishwa nguo za kike na nywele za bandia ili aruke badala yake kutoka juu ya basi. Alianguka akafa. Tunalitaja jina lake kwa sababu katika sinema yeye hakuwa na jina, na kwa sababu wana wetu, wanaporuka kutoka juu ya kabati wakimwigiza stelingi, hawajui kwamba nyuma ya mruko kuna mtu mwingine, na kwamba mtu huyo mara nyingine hakuinuka.

Sasa turudi kwa yule adui mwingine, wa kilemba. Tangu mwisho wa mwaka 1913, kabla hata ya Pauline, kampuni ya Selig ya Chicago ilikuwa imetoa The Adventures of Kathlyn, ikishirikiana na gazeti la Chicago Tribune. Humo binti wa Kimarekani anakwenda kumtafuta baba yake katika ufalme wa kubuni huko India, na huko anamkuta mwanamfalme Umballah anayetaka kumwoa kwa nguvu. Ufalme huo waliuita Allaha. Hatudhani waliokuwa wakiandika walikusudia kufuru, twadhani hawakujali. Walitaka jina lenye mlio wa mashariki, wakaokota lililo karibu, kama mtu aokotavyo kokoto ufukoni bila ya kutazama ni ya rangi gani.

Miaka 20 baadaye kutojali huko kulikuwa kumegeuka mtindo. Mwaka 1933 kampuni ya Mascot ilitoa The Three Musketeers, mfululizo wa vipande 12. Stelingi wake alikuwa kijana asiye na jina kubwa wakati huo, John Wayne. Askari watatu wa jeshi la kigeni la Ufaransa wanapigana jangwani na Waarabu walioasi, na kiongozi wa waasi ni mtu aliyeficha uso anayeitwa El Shaitan. Wasomaji wetu hawahitaji kutafsiriwa jina hilo. Lakini utazameni mwaka. Shekhe Omar al-Mukhtar alikuwa amenyongwa na Wataliani huko Libya Septemba 1931, hata miaka 2 haijatimia. Abdelkrim al-Khattabi wa Rif alikuwa amejisalimisha kwa Wafaransa mwaka 1926 baada ya kuyahangaisha majeshi ya dola 2 za Ulaya, na katika milima ya Morocco vita vilikuwa havijaisha. Watu walikuwa wakifa wakiitetea ardhi yao, na wakati huohuo mtoto wa Kimarekani alikuwa akila bisi zake Jumamosi na kufundishwa kwamba anayeitetea ardhi ile ni Shetani. Hakuna aliyemwambia mtoto huyo neno lolote baya juu ya dini yetu. Haikuhitajika. Alionyeshwa mavazi tu.

Kuna mwigizaji mmoja ambaye tumejikuta tukimfuatilia kwa hamu, Charles Middleton, mzaliwa wa Kentucky. Katika Flash Gordon ya mwaka 1936, yenye vipande 13, yeye ndiye Ming, mfalme katili wa sayari ya mbali, aliyepewa jina, ndevu na joho la Kichina. Stelingi wake alikuwa Buster Crabbe, muogeleaji aliyeshinda nishani ya dhahabu katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1932. Mwaka 1942, katika Perils of Nyoka, Middleton huyuhuyu amevaa kilemba, naye ni Mwarabu aitwaye Cassib. Mtu mmoja wa Kentucky, akibadilishiwa nguo, akawa Mchina wa angani kisha Mwarabu wa jangwani. Na vita na Japani vilipopamba moto, Batman ya mwaka 1943 ikamleta adui wa Kijapani, Dokta Daka, aliyeigizwa na J. Carrol Naish, Mmarekani mwenye asili ya Ireland. Ukizipanga sinema hizi kwa miaka yake, utaona kwamba uso wa adui hufuata ugomvi wa serikali kama kivuli kifuatavyo mtu.

Hiyo Perils of Nyoka yataka maneno mawili zaidi, maana msomaji wa Kiswahili hawezi kuipita bila ya kucheka. Nyoka ni jina la stelingi wa kike, binti wa Kizungu, mwema na shupavu! Laiti angalikuwapo mtu wetu mmoja wa kuwanong'oneza. Adui wake, Vultura, ni malkia wa Waarabu wa jangwani, na mlinzi wake ni sokwe mkubwa aitwaye Satan. Sokwe huyo alifikaje jangwani hakuna aliyejisumbua kueleza.

Haingekuwa haki tukiishia hapo, kwa sababu sinema hizi zilivuka bahari, na waliozipokea hawakuzipokea wakiwa wamefumba macho. Huko Bombay, ndugu wawili wa Kiparsi, J. B. H. Wadia na Homi Wadia, walizipenda tangu ujana wao, wakaanzisha kampuni yao ya Wadia Movietone mwaka 1933. Mwaka 1935 wakatoa Hunterwali. Ndani yake binti mfalme anavaa kinyago na kushika mjeledi ili kuwatetea raia wanaoonewa na waziri dhalimu. Aliyeigiza alikuwa Mary Ann Evans, mzaliwa wa Perth, Australia, aliyekulia India na kufanya kazi katika sarakasi. Duniani alijulikana kwa jina la Nadia. Alibeba wanaume mabegani, alipigana juu ya mapaa ya magari ya moshi, na katika sinema zake farasi alipewa jina la Mwana wa Punjab na gari likaitwa Binti wa Rolls Royce. Mavazi yake hatuwausii mabinti zetu. Lakini India ilikuwa bado chini ya Mwingereza, na watazamaji walielewa vyema dhalimu yule ni nani, ijapokuwa katika sinema alivaa nguo za Kihindi ili wakaguzi wa serikali wasiwe na la kusema. Kwa Wamarekani mtu aliyewaasi watawala alikuwa adui. Kwa ndugu Wadia ndiye stelingi.

Wazee wetu wa pwani walizijua picha za Kihindi kuliko walivyozijua za Kimarekani, na nyimbo zake ziliingia katika taarabu zetu zikakaa kama watoto wa nyumbani. Labda ndiyo sababu Bibi wa barazani alikosa jawabu. Katika picha alizozitazama yeye akiwa msichana, mwenye kilemba angeweza kuwa adui, angeweza kuwa baba wa bibi harusi, angeweza pia kuwa mchekeshaji. Kilemba peke yake hakikumwambia mtu lolote.

Mfululizo wa mwisho wa kampuni kubwa za Marekani, Blazing the Overland Trail, ulitolewa na Columbia mwaka 1956. Televisheni ilikuwa imekwisha kuingia majumbani na hakuna aliyetaka kungoja Jumamosi. Majumba yakaacha, lakini mavazi ya adui yalirithiwa na waliofuata, mpaka yakaifikia katuni iliyomtoa mjukuu wa watu nje akiwa na swali lake.

Juma lililofuata tulirudi kwa jamaa zetu. Babu mwenyewe alikuwapo, na kilemba chake kichwani. Tukamwita yule mwana, tukamsimulia habari za Charles Middleton wa Kentucky na nguo alizobadilishiwa. Alisikiliza kwa utulivu ambao hatukuutarajia. Kisha akamwomba babu yake kilemba, akakivaa kikamfunika masikio, akaenda kusimama mbele ya kioo.

"Mimi ndiye stelingi," akasema. "Adui avae suti."

Babu alicheka hadi akakohoa. Bibi akakumbusha kwamba maji ya udhu yapo tayari na adhana imekaribia.