Jioni, Paka na Maua: Foto Zinazorudisha Baba Nyumbani



Siku ya Mungu moja, baada ya ibada, kijana mmoja alinifuata nyuma ya kanisa hapa Butembo. Alikuwa ametoka machimboni upande wa Manguredjipa, kule magharibi mwa Lubero ambako wengi wa vijana wetu wanatafuta dhahabu. Nilifikiri anataka maombi juu ya ugonjwa au juu ya deni. Kumbe sivyo. Alitoa telefone mfukoni, kioo chake kimepasuka, akaniambia: “Pasta, angalia kwanza hii.”

Foto ya kwanza ilikuwa mlango wa jikoni wakati wa jioni. Mbingu ilikuwa nyekundu nyuma ya mikaratusi, na moshi ulikuwa unapanda juu ya nyasi za paa. Foto ya pili ilikuwa paka amelala juu ya gunia la maharagi. Ya tatu ilikuwa mti wa kahawa, matawi yote yamejaa maua meupe.

“Ni bibi yangu alituma, kwa telefone ya jirani,” akasema. “Hakuandika hata neno moja. Siku ile tulikuwa tumegawanya falanga. Wenzangu walikuwa wananiita twende kwenye pombe na kwa wanawake. Mimi nilipanda kwanza kilimani kutafuta rezo, na hizi foto tatu zikaingia. Nikaikaa pale mpaka giza. Pasta, sikuenda.”

Ndugu zangu, nimehubiri mara nyingi juu ya uaminifu wa ndoa. Sijui kama hubiri langu moja lilifanya kazi ambayo paka yule alifanya siku ile. Ndiyo maana mwezi huu nataka tuzungumze juu ya foto.

Telefone zetu zinabeba nini?

Wazee wanakumbuka: wakati wa Zaire, foto ilikuwa kitu cha siku kuu. Watu walivaa nguo ya Noeli, wakasimama wima mbele ya pazia la mpiga foto, bila kucheka. Hakuna aliyelipa falanga ili paka wake apigwe foto! Leo mtoto wa shule anaweza kupiga foto mia moja kwa siku. Lakini tuulize: tunatumiana nini?

Tangu Oktoba 2014, wakati mauaji yalipoanza kuenea katika sehemu za Beni, foto za maiti zimepita kutoka mkono hata mkono. Halafu Ebola ikatangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina. Ilipotangazwa kuwa imekwisha, tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287. Wakati ule pia telefone zetu zilijaa majeneza na watu wa kuzika waliovaa nguo nyeupe.

Mimi mwenyewe nina hatia katika jambo hili. Katika miaka ile ya kwanza ya mauaji, niliwatumia watu wa kikundi cha maombi foto moja ya mauti. Nilisema moyoni: waone, waombe kwa nguvu. Mama mmoja katika kikundi alitambua kitambaa cha nguo. Alikuwa ni mdogo wake. Hivyo alipata habari ya kifo, si kwa mkono wa ndugu aliyeketi karibu naye, bali kwa kioo cha telefone, na aliyetuma ni mchungaji wake. Nilikwenda kumwomba msamaha. Alinisamehe, lakini mimi sijasahau.

Sisemi tufiche mabaya. Aliyekufa aliliwe, na mwenye kuua ashitakiwe. Lakini mtu aliye mbali, anayepokea kila siku foto za damu kutoka kwao, mwisho anasema moyoni: “Kwetu hakuna tena kitu. Nirudi kufanya nini?” Huo ni uongo. Kwetu bado kuna jioni, kuna paka, kuna maua. Hayo pia ni habari za kweli, na yanahitaji mashahidi.

Jioni

Katika nchi za kando ya bahari ya Mediterania, kama Italia na Ugiriki, watu wa vijijini wanapenda sana foto za jua linapotua, paka juu ya ukuta, maua dirishani. Sisi tunaweza kuwaza kwamba ni mambo ya watu wenye nafasi. Lakini Mungu hakuwapa wao peke yao jioni.

Ya kwetu ni fupi tu. Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero, kwa hiyo jua letu linashuka wima kama jiwe kisimani. Karibu saa kumi na mbili jioni linazama, na dakika 20 hivi baadaye nuru imekwisha. Mwenye kukawia hataiona.

Kwa ninyi wa Beni, niko na siri moja. Jioni isiyo na mawingu, msitazame tu upande jua linakozama. Geukeni, tazameni mashariki. Jua la mwisho linapiga theluji ya Ruwenzori, na mlima unakuwa na rangi kama ya ua kwa dakika chache. Mwaka 1906, mtu mmoja wa jamaa ya kifalme ya Italia, Luigi Amedeo wa Abruzzi, alipanda mlima huo mpaka kilele chake kirefu, chenye meta 5,109. Alikuwa na mpiga foto aitwaye Vittorio Sella. Sella alitumia vioo vizito vilivyobebwa na wapagazi katika matope na baridi. Tangu wakati ule sehemu kubwa ya barafu ya mlima imeyeyuka. Leo wataalamu wanashika foto zile za Sella ili wajue barafu ilifika wapi. Yeye alipiga foto ya kitu alichoona kuwa kizuri. Sasa foto imekuwa shahidi wa kitu kilichopotea.

Na sisi pia hatujui ni kitu gani cha nyumbani kesho kitakuwa hakipo. Mwanzo 24:63 inatuonyesha Isaka akitoka kwenda shambani wakati wa jioni ili atafakari, na hapo ndipo alipoinua macho akaona ngamia waliomletea bibi. Kama angekuwa ameinamisha kichwa, ingekuwaje?

Paka

Katika vitabu 66 vya Biblia yetu, paka wa nyumbani hatajwi. Labda ndiyo sababu wengine wanamwazia mabaya. Mara nyingi ninasikia: “Paka mweusi ni wa wachawi,” na watoto wanamtupia mawe. Wapenzi, paka ni kiumbe cha Mungu. Mithali 12:10 inafundisha kwamba mwenye haki anajali uhai wa mnyama wake. Mchawi akitaka kututisha, asitafutiwe msaada na sisi wenyewe.

Tangu zamani sana paka anaishi na watu kwa sababu ya ghala zao za nafaka: nafaka iliita panya, na panya waliita paka. Katika kisiwa cha Kipro, ambako Paulo na Barnaba walihubiri (Matendo 13), wachunguzi walitangaza mwaka 2004 kwamba wameona kaburi la miaka 9,500 hivi, na ndani yake mtu amezikwa na paka karibu naye. Paka anaona kwa nuru ndogo, karibu sehemu moja ya sita ya ile tunayohitaji sisi. Ndiyo maana wakati wa jioni, sisi tunapotafuta taa, yeye anaanza kazi. Mama mwenye maharagi na mahindi ndani ya nyumba anajua faida yake.

Lakini kuna jambo lingine. Vita ikifika, watu wanakimbia na watoto, godoro na sufuria. Paka anabaki. Nimesikia watoto waliokimbia hawaulizi habari za shamba wala za nyumba. Wanauliza: “Na nyau wetu, atakula nini?” Tusiwacheke. Mtoto hana maneno ya kusema “nimepoteza maisha yangu yote.” Anasema “nyau.” Kwa hiyo paka akilala juu ya gunia, hiyo ni alama kubwa: nyumba haijakimbiwa, chakula kimo, na watu wamo. Yule mama alijua alichotuma.

Maua

Kahawa ya milima yetu inatoa maua mvua ikinyesha baada ya siku za ukavu. Shamba lote linakuwa jeupe na kunukia, lakini kwa siku mbili tatu tu. Aliye machimboni hawezi kuyaona kama hakuna wa kumtumia. Kisha ni karibu miezi minane kungoja tunda liive. Kwa hiyo foto ya maua ya kahawa ni kama barua yenye hesabu: “Utarudi kabla ya mavuno, au hutarudi?”

Kakao ya upande wa Beni ina tabia nyingine. Ua lake ni dogo sana, nalo linatoka juu ya shina lenyewe. Katika maua mia moja, hata matano hayafiki kuwa tunda. Watu wengi waliuawa katika mashamba hayo, na mashamba mengine yalibaki bila mwenyewe. Lakini miti haikuacha kuchanua.

Tena kuna ua la marakuja, ambalo linapanda juu ya uzio wa nyumba nyingi za Butembo. Zamani wamisionari wa Amerika ya Kusini walipoliona, walikumbuka mateso ya Kristo. Nyuzi zake za duara walizifananisha na taji ya miiba, sehemu tatu za juu na misumari mitatu, na tano za chini yake na majeraha matano. Mwonyesheni mtoto ua hilo, mhesabu pamoja. Ni somo la Pasaka bila kununua kitabu. Na Bwana mwenyewe, katika Mathayo 6, alipotaka kuponya watu na mahangaiko, aliwaambia watazame maua.

Mashauri machache

1. Foto ya jioni: zima taa ya telefone, egemeza mkono ukutani ili usitetemeke, na ngoja kidogo baada ya jua kuzama. Rangi nzuri mara nyingi inakuja nyuma.
2. Foto ya paka: inama ufike kimo chake. Usimfukuze. Mngojee.
3. Foto ya ua: piga asubuhi, umande ungali, kabla jua halijakuwa kali.
4. Chagua moja au mbili. Aliye machimboni ananunua mega kwa bei kubwa, na rezo ni ya shida.
5. Usipige foto za askari, vizuizi vya barabara au mahali watu wanapojificha. Foto inaweza kuleta hatari juu yako na juu yao.
6. Foto ya maiti usiitume. Enda mwenyewe kwa jamaa, ukaketi nao.

Na wewe uliye machimboni

Kisha nilimwuliza yule kijana: “Na wewe, bibi yako alipata nini kutoka kwako?” Akanyamaza. Baadaye alinionyesha: yeye amesimama na miwani ya jua ya mwenzake, chupa mkononi, karibu na motokari isiyo yake.

“Hii ndiyo ulituma?”

“Ndiyo, Pasta. Ili aone kama niko muzuri.”

Baba, kijana, sikilizeni. Mke wako hangoji miwani. Anangoja uso wako. Tuma mikono yako yenye udongo. Tuma jioni ya kule kilimani unakotafuta rezo. Mtoto akuulize: “Papa, na kwenu kuna paka?” Kuna nyumba ambazo baba amekaa kule miaka, na siku anaporudi mtoto anakimbilia nyuma ya mama kwa sababu hamjui mtu huyu. Dhahabu uliyoleta haiwezi kununua ile miaka.

Kijana yule alifuta foto ya miwani mbele yangu. Sikumwomba afanye hivyo. Akaniambia atakuwa nyumbani kabla kahawa haijaiva, na tuliomba pamoja juu ya neno hilo.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa

1. Katika telefone ya nyumba yetu, foto za mauti ni ngapi, na za uhai ni ngapi?
2. Ni nani wa jamaa yetu aliye mbali? Ni kitu gani cha nyumbani angefurahi kukiona juma hili?
3. Mathayo 6 inataja maua na ndege. Kama Bwana angesimama katika kiwanja chetu saa kumi na mbili jioni, angetuonyesha nini?

Mungu awalinde ninyi mlio nyumbani, na ninyi mlio ndani ya mashimo. Amina.