Kufuli la Namanga na Haki ya Kusafiri

Wahenga wetu walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii inatufundisha kutoingilia ugomvi wa ndugu, kwa kuwa siku moja watapatana na mchochezi ataaibika. Lakini wahenga hawakutuambia afanye nini yule ambaye nyumba yake iko upande mmoja wa ugomvi na shamba lake liko upande wa pili.

Swali hilo si la mzaha. Tarehe 4 Februari 1977, Serikali ya Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa tena hadi tarehe 17 Novemba 1983. Kwa muda wa miaka sita na miezi tisa, mtu wa kawaida asiye na kibali maalumu hakuweza kupita Namanga kwa njia ya halali. Kutoka Nairobi hadi Arusha ni mwendo wa kilomita zipatazo 270, safari ambayo anayeondoka alfajiri huimaliza kabla ya adhuhuri. Katika miaka ile, aliyekuwa na fedha za nauli ya ndege alilazimika kuzunguka kwa kupitia nchi ya tatu ili afike kwa jirani yake. Asiyekuwa na fedha alibaki kwake, au aliingia porini usiku.

Tunaikumbusha historia hii kwa sababu wengi wa wasomaji wetu walizaliwa baada ya kufuli lile kufunguliwa. Wao huvuka mpaka kila juma kwa shughuli zao, na huenda wakadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sivyo. Na jambo lililowahi kutendeka mara moja laweza kutendeka tena, hasa pale ambapo hakuna aliyejifunza kutokana nalo.

Ugomvi wenyewe haukuzuka kwa siku moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ilikuwa na mashirika manne makubwa: reli, bandari, posta na simu, na ndege. Makao yake yaligawanywa, reli na ndege Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala, ili kila nchi ijione kuwa ina chake. Mwaka 1971 Idi Amin alipoipindua Serikali ya Uganda, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na tangu hapo mamlaka kuu ya Jumuiya, yaani Marais watatu, haikukutana tena. Nyumba isiyo na kikao cha wazee haikosi kuingia nyufa. Fedha zilizokusanywa na mashirika katika nchi moja hazikufika katika nyingine. Tanzania ililalamika kwamba malori mazito ya Kenya yaendayo Zambia yaliharibu barabara zake, na kwamba watalii waliingia Serengeti na Ngorongoro kutoka Nairobi, wakatazama wanyama wa Tanzania, kisha wakarudi kulala na kutumia fedha zao Kenya. Kenya nayo ililalamika kwamba ilibeba madeni ya wenzake. Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisimama, Kenya ikaanzisha shirika lake yenyewe, na Tanzania ikajibu kwa kufunga mpaka. Magari na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa ndani ya Tanzania zikazuiwa huko huko.

Magazeti ya pande zote mbili hayakubaki nyuma. Upande mmoja uliitwa nchi ya manyang'au. Upande wa pili ukajibiwa kwamba ni nchi ya watu wasiokuwa na cha kula. Sisi wa kalamu hatuna budi kukiri kwamba katika ugomvi ule wengi wa wenzetu waliomwagia moto mafuta.

Lakini tujiulize: waliotukanana walipata hasara gani? Viongozi walikuwa na ndege, hati za kibalozi na simu. Kufuli la Namanga halikumfunga waziri hata mmoja. Lilimfunga Mmasai, ambaye mpaka ule uliochorwa na Waingereza na Wajerumani katika karne ya 19 ulipita katikati ya malisho yake bila ya kumuuliza. Lilimfunga Mkuria wa Sirari na ndugu yake wa Isebania. Lilimfunga Mdigo wa Horohoro ambaye mjomba wake yuko Lunga Lunga, na mchuuzi wa Taveta ambaye wateja wake walitoka Holili na Himo. Hawa ndio waliokosa kuhudhuria mazishi ya wazazi wao. Hawa ndio waliooa ng'ambo ya mpaka wakashindwa kuwapeleka wajukuu kwa babu zao. Hawa hawakuwa na hisa katika shirika lolote la ndege, wala hawakudaiwa na bandari yoyote.

Hata reli ya Voi, Taveta hadi Kahe, iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili kubeba majeshi, ikakatwa katika matumizi ya amani. Ni jambo la kusikitisha kwamba njia iliyofunguliwa kwa ajili ya kupigana ilifungwa katika wakati wa udugu.

Ipo hoja ya upande wa pili, na haki inatutaka tuitoe kwa ukamilifu wake. Kila dola ina mamlaka juu ya mipaka yake. Nchi inayoona utajiri wake ukivujia kwa jirani haiwezi kulaumiwa kwa kutafuta njia ya kuuzuia. Tanzania ilikuwa na uwanja wake wa kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, na ilikuwa na kila sababu ya kutaka mtalii atue hapo badala ya kutua Nairobi. Hatuidharau hoja hiyo. Nchi iliyojipatia uhuru ina haki ya kupanga uchumi wake pasipo kuomba ruhusa.

Hata hivyo, hoja hupimwa kwa matokeo yake. Kufunga mpaka hakukuwaleta watalii Kilimanjaro. Idadi yao nchini Tanzania ilishuka katika miaka iliyofuata, na wengi waliendelea kwenda Kenya, wakatosheka na Maasai Mara na Amboseli. Kenya kwa upande wake ilipoteza soko la bidhaa za viwanda vyake na njia ya malori yake ya kwenda Zambia. Aliyenufaika ni mmoja tu, naye ni mfanya magendo. Ng'ombe na kahawa walivushwa usiku kwenda Kenya, na sabuni na mafuta ya kupikia yakarudi kwa njia za panya hadi katika maduka ya Arusha na Moshi, yakauzwa chini ya meza kwa bei isiyosemeka. Serikali iliyofunga mlango wa mbele ilijikuta ikipambana na walanguzi waliopitia dirishani, na kodi ambayo ingelipwa Namanga ikaingia katika mifuko ya wachache.

Katikati ya miaka hiyo lilitokea jambo ambalo tunamwomba msomaji alitafakari. Mwezi Juni 1981 wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Nairobi, na katika mkutano huo wakaupitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kifungu cha 12 cha Mkataba huo kinatamka kwamba kila mtu ana haki ya kutoka katika nchi yoyote, ikiwa ni pamoja na nchi yake, na haki ya kurejea katika nchi yake. Na kwamba haki hiyo haitazuiwa isipokuwa kwa sheria, kwa ajili ya usalama wa taifa, utulivu, afya ya watu au maadili. Maneno hayo mazuri yalipitishwa Nairobi, mahali ambapo kwa mwendo wa kilomita zipatazo 160 kuelekea kusini palikuwa na mlango uliofungwa kwa mwaka wa tano. Hatusemi kwamba viongozi wale walikuwa wanafiki. Twasema kwamba ni rahisi zaidi kuitambua haki ya msafiri iandikwapo juu ya karatasi kuliko anaposimama mbele yako na mzigo wake kichwani.

Ugomvi ulimalizika kama ugomvi wa ndugu umalizikavyo, yaani kwa kukaa chini na kuhesabu. Mpatanishi kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht, alifanya kazi kwa miaka kadhaa ya kuorodhesha mali na madeni ya Jumuiya iliyokufa. Novemba 1983 Marais Nyerere, Moi na Obote walikutana Arusha wakakubaliana, na mpaka ukafunguliwa. Mei 1984 mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini katika mji huo huo. Sasa tuulize swali ambalo mwananchi wa Namanga angeliuliza: ni sehemu gani ya hesabu hiyo ambayo isingewezekana kufanywa mlango ukiwa wazi? Madeni ya reli na ndege hayakuhitaji mjane wa Taveta azuiwe kwenda kuzika ndipo yahesabike.

Wako watakaosema kwamba hayo yamepita. Jumuiya mpya ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Ikawapokea Rwanda na Burundi mwaka 2007, kisha Sudani Kusini, Kongo na Somalia. Tangu mwaka 2010 ina Itifaki ya Soko la Pamoja inayotangaza uhuru wa watu kusafiri. Namanga na Holili pana vituo vya pamoja ambamo msafiri hugongewa mihuri ya nchi zote mbili chini ya paa moja. Tunayashukuru hayo kwa moyo mweupe.

Lakini hebu tutazame. Mwishoni mwa Februari 2019 kituo cha Gatuna kati ya Rwanda na Uganda kilifungwa, na Serikali ya Rwanda ikawatahadharisha raia wake wasiende Uganda. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzito: kila upande uliutuhumu mwingine kwa ujasusi na kwa kuwasumbua raia wake. Haikuchukua siku wala mwezi. Kituo kilifunguliwa tarehe 31 Januari 2022, baada ya miaka karibu mitatu. Katika muda huo wanakijiji wa pande zote mbili, ambao ni watu wa lugha na koo zinazokaribiana, walirudi kwenye njia za panya, na wapo waliopoteza maisha yao huko. Januari 2024 Burundi nayo iliufunga mpaka wake na Rwanda. Na mwezi huo huo Tanzania na Kenya zilitishana juu ya safari za ndege kati ya Dar es Salaam na Nairobi, kabla ya busara kushinda katika siku chache. Majina yamebadilika, na nchi zimebadilika, lakini kufuli ni lile lile.

Maoni yetu ni haya. Hatudai kwamba Serikali zisiwe na uwezo wa kufunga mpaka. Maradhi huzuka, majambazi huvuka, vita hutokea, na Serikali isiyoweza kuwalinda watu wake haistahili jina hilo. Tunachodai ni kwamba kufuli liwe na masharti. Kwanza, Itifaki ya Soko la Pamoja inaitaka nchi inayoweka kizuizi iwaarifu wenzake; tunataka aarifiwe na mwananchi pia, kwa lugha anayoielewa, aambiwe sababu na tarehe ya mwisho. Kizuizi kisichokuwa na tarehe hugeuka kuwa desturi. Pili, pawe na mlango mdogo usiofungwa kamwe, kwa ajili ya mgonjwa, mwanafunzi, aliyefiwa, na mkazi wa mpakani ambaye chakula chake kiko ng'ambo. Tatu, ugomvi wa fedha upelekwe kwa wahasibu, na ugomvi wa sheria upelekwe katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, kabla ya mnyororo kuvutwa barabarani na si baada ya miaka sita.

Na kwa wasomaji wetu tunalo neno. Kufuli halifungwi na Serikali peke yake. Hufungwa kwanza katika ndimi zetu. Siku tutakapoanza kuwaita jirani zetu kwa majina ya wanyama, tujue kwamba ufunguo umekwisha kuzungushwa nusu.

Kila mwaka nyumbu kwa mamia ya maelfu huondoka Serengeti wakauvuka mpaka kuingia Maasai Mara, kisha hurudi. Walivuka mwaka 1977 na walivuka kila mwaka wa kufuli, wakifuata mvua na majani, wala hapakuwa na askari aliyewauliza hati. Kati ya mbuga hizo mbili lipo geti la Bologonja. Kwa miaka mingi baada ya Namanga kufunguliwa, geti hilo liliendelea kufungwa kwa mtalii, na aliyeutazama ukingo wa pili kwa macho yake alipaswa kuzunguka siku nzima ili aufikie. Kufunga mlango ni kazi ya asubuhi moja. Kuufungua ni kazi ya kizazi.

Basi ndugu wakigombana, na wagombane; hakuna ukoo usiokuwa na neno. Lakini watuachie njia ya shambani, ili siku watakapopatana tuwe na cha kuvuna.